Rubani na Chupa ya Mwisho ya Achari

Mama,

Ile helikopta uliyogombana nayo imerudi. Tena imechagua siku ya arobaini yako, kana kwamba siku nyingine zimekwisha.

Unaijua ilivyo. Kila ikimleta rais mgeni hapa uwanjani Tudor, upepo wake hutumwagia mchanga mpaka chunguni. Siku ilipokupeperushia achari ulizoanika, maembe ya msimu mzima, ulimwendea rubani na ufagio mkononi. Askari walipokuzuia ukaapa: "Wallahi, hanwi maji kwangu huyo!"

Basi jana mvua hizi za Elnino zilizidi. Mawingu yakashuka, helikopta ikashindwa kuendelea na safari, ikatua papo hapo. Rais akatiwa garini akaenda zake, sisi tukafungiwa njia. Jamaa zako wote wa Mji wa Kale walirudishwa na polisi, pamoja na shangazi aliyekuwa na baadhi ya masufuria yangu. Hitima yako, Mama, imesomwa na mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani wawili, na masinia ya pilau yamejaa nyumba nzima! Hasira zilinishika hata kulia nisiweze.

Mara hodi. Rubani, ameloa chapachapa, anatetemeka, anaomba pa kujikinga. Ningefanyaje? Mtu hafukuzwi kwenye hitima. Nilimkaribisha huku nikijua ungenitazama vipi.

Angekula pilau tu, ningenyamaza. Lakini mwalimu, na ukarimu wake usioombwa, aliiteremsha chupa ya achari kabatini akamwekea mgeni. Chupa yako ya mwisho, Mama! Niliwaficha hata kaka zangu, maana mkono wako sitauonja tena. Yule bwana akala, akala, akamalizia kwa kukomba na kidole. Nilitamani kumpokonya.

Kisha akauliza nani kaitengeneza. Nikamwambia ni huyo tunayemsomea. Akauliza kama ni yule mama wa ufagio. Nikasema ndiye. Dua ilipofika akainua mikono, Mkristo wa bara, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mwalimu.

Nimeshindwa hata kumchukia sawasawa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Haya, Mama, pumzika. Nakuahidi jua likirudi nitaanika achari palepale, na ufagio utakuwa karibu. Chupa yako nimeifunga kifuniko. Bado inanukia wewe, na sitaiosha.

Mwanao,
Zuhura