Upande wa Anayepigwa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Raed, mwenzake mwalimu Ghada wa upanga, kaondoka jana. Kanada, na mkewe na watoto, moja kwa moja. Leo mwalimu Ghada amekuja ukumbini saa nane mchana, peke yake. Akavaa koti la mazoezi na kofia ya wavu, akasimama katikati ya uwanja na upanga mkononi — mbele yake hakuna mtu. Nilikuwa napanguza vioo. Akaanza mwendo wote kama kawaida yake, hatua, pigo, kinga. Kila alipokinga hakukuwa na kitu cha kukingwa.

Miaka miwili niko mapokezi kwenye ukumbi huu wa mazoezi, hapa Rashidiya, Dubai, na kila wiki nimewatazama hao wawili. Mchezo wa Kitaliano wa zamani, wa mji wa Bologna, uliandikwa vitabuni miaka mia tano iliyopita. Ghada aliusomea hukohuko. Watu wawili, panga mbili butu, na kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Si mashindano. Ukibaki mmoja, umebaki na nusu.

Nikiwatazama hukumbuka ua wa ndani wa nyumba yetu, Lamu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefumaniwa. Nilidhani Ghada kaenda. Nikachukua mpini wa mopu, nyuma ya kabati la glavu, nikafanya hatua kumi za mwanzo. Upande wa Raed. Nageuka — huyo hapo mlangoni na chupa yake ya maji.

Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa macho tu, madam. Akasema macho hayafundishi miguu.

Basi nikamweleza. Kirumbizi, mchezo wa fimbo wa kwetu, wawili wawili, ngoma na zumari, siku za harusi. Mama yake Ghada ni wa Kibokoni, Mombasa, kwa hiyo neno analijua. Akasema, lakini si ni wa wanaume? Ndiyo, ni wa wanaume. Ila kakangu Umaru alihitaji mtu wa kumpiga. Baba alikuwa fundi saa, na ujanani aliwahi kutamba uwanjani kwa fimbo. Alasiri akifunga kibanda chake alinipa bakora ya mtobwe, akaniambia simama mbele ya kakako, pokea. Nilikuwa na miaka tisa. Nikapokea mpaka nina kumi na tano. Mama akipita na sinia la mchele wa kuchagua anasema, huyo mtoto mtamvunja. Baba anajibu, huyu havunjiki.

Ghada akasema tarehe ishirini na mbili ni siku ya wazi. Wenye ukumbi watakuja kutazama, halafu waamue kama darasa la panga linabaki au saa zake wanapewa watu wa Zumba. Hana mwenzake. Akanyoosha upanga wa Raed, upande wa mpini.

Ni mzito kuliko mtobwe. Lakini mkono uliukumbuka uzito, sijui vipi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia Serah, mwenzangu wa chumba hapa Al Twar. Yeye ni mlinzi kule Silicon Oasis, mtu wa Kitui. Aliacha kupiga pasi. "Wewe, forty-two years, unaanza kucheza na mapanga? Na ukivunjika mguu, job nani atakufanyia?" Kisha akaomba nimwonyeshe. Tulitumia mwiko na kijiti cha pazia. Alicheka hadi akakaa sakafuni.

Jumanne, 11 Novemba

Mara ya tatu leo. Mwendo una hatua thelathini na mbili. Kila mkao una jina, Ghada ananitafsiria: mlango wa chuma, mkia mrefu, jino la ngiri. Baba naye alikuwa na majina yake. "Kaa kama mwenye deni." "Kaa kama umemsikia nyoka." Nimemwambia Ghada, akayaandika kwenye simu.

Upande wa kwanza ni wake, ndio unaoshinda. Wangu ni wa pili, wa anayepigwa mwishoni. Nilisema sina neno, nimeuzoea. Akasema huo ndio mgumu, maana lazima ujue kila kitu na bado ukubali.

Nimekatazwa kumwita madam. Akisikia madam kutoka kwa mtu mwenye upanga atacheka.

Tatizo ni hatua ya kumi na mbili. Hapo mimi ndiye napiga, mkononi kwake, naye anakinga. Kila mara upanga wangu unasimama shibiri moja kabla ya kufika. Mara tisa. Ghada akavua kofia. "Dada Mwanatumu, usiponipiga kweli, mimi nakinga nini?" Nikasema samahani. Hakutaka samahani.

Sikumwambia kwa nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya kupumzika. Nimefua, nimepika wali wa nazi, nimekaa.

Naandika hapa kwa nini.

Ilikuwa wiki moja kabla ya harusi ya binamu yetu. Umaru angetoka uwanjani mara ya kwanza. Baba alikuwa bado kibandani, sisi wawili tukaanza bila yeye. Kazi yangu ilikuwa kupokea tu. Siku hiyo niliona mwanya, na mkono ukaenda wenyewe. Fimbo ilimpata kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Mlio wake ninaujua hadi leo. Umaru hakulia. Aliwaambia watu ameteleza kisimani. Siku ya tatu Baba akaichukua bakora yangu, akaipandisha juu ya kabati, akasema, basi, umekuwa mkubwa. Hakunitazama.

Kidole cha Umaru hakikunyooka tena. Nami sikumsamehe Baba. Nilijua kagundua ni mimi, na ameniona sifai. Nikawa namwamkia, nampelekea chai, basi. Idi yake ya mwisho duniani, kabla ya mwaka wa korona, nilikuwa nyumbani. Aliniita kibandani anionyeshe saa ya zamani aliyoifufua. Nilisema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Leo nimemtumia Umaru video aliyonirekodi Ghada. Sekunde arobaini. Sikuandika neno.

Jumapili, 16 Novemba

Ameiona. Hajajibu. Pengine ameudhika. Ana duka la simu, hawezi kusema hakupata mtandao.

Jumanne, 18 Novemba

Sauti ya dakika nne kutoka kwa Umaru. Nimeisikiliza chooni kazini, kisha kwenye kituo cha basi, kisha hapa.

Mwanzo anasema mguu wangu wa kushoto bado unachelewa. Kama zamani. Nikatabasamu. Halafu mteja anasikika akiomba chaja. Halafu anasema hivi, nanakili ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Dada, kuna neno sijakwambia. Siku zile za kidole, si Baba aliyekasirika. Nilimwambia ukweli mimi mwenyewe, usiku uleule. Yeye akacheka. Akasema mkono wa huyu ni mwepesi kuliko wako, mtazame ujifunze. Mimi ndiye niliyemwambia akunyang'anye fimbo. Alikataa siku mbili. Nikamwambia kama hakunyang'anyi, mimi harusini siendi. Ile fimbo niliiona inakuja, Mwanatumu. Niliiona kabisa, na sikuweza kuizuia. Ndilo lililoniuma. Nisamehe."

Miaka ishirini na saba.

Sina hasira. La, ninayo. Naona tu kile kibanda, taa yake ndogo, Baba na kile kioo jichoni, ananiita. Alitaka kunionyesha saa. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwangu, na mimi nikasema nina haraka.

Sijamjibu Umaru.

Jumatano, 19 Novemba

Amepiga mara mbili. Sikupokea.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimempiga Ghada.

Hatua ya kumi na mbili. Sikupanga. Nilikuwa nimekaa kama Baba alivyonifundisha, kama umemsikia nyoka, na mkono ukaenda wote, bila ile shibiri. Ghada alichelewa, pengine kwa kuwa alishazoea kutopigwa. Upanga ulitua juu ya kidole gumba, glavu na yote. Akauachia wake.

Nilimvua glavu mimi. Kidole kilikuwa kinavimba mbele ya macho yetu. Nikasema naacha, khalas, mtafute mtu mwingine. Ghada, macho yamejaa machozi ya maumivu, akasema, "Ukiacha leo nitakukasirikia maisha yangu yote. Hilo ndilo pigo. Hilohilo." Kisha akaniomba nimwite teksi.

Kliniki tulikaa saa mbili. Hakuna mfupa uliovunjika. Amefungwa bandeji, wiki mbili asishike kitu kizito. Nilimweleza yote tukiwa tunasubiri picha, Umaru, kidole, Baba. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, na huyo kakako, baada ya hapo alicheza kirumbizi? Nikagundua sijui. Harusini alitoka, nakumbuka, kidole kimefungwa kitambaa. Baada ya hapo sikumbuki nikimwona na fimbo tena. Hata mara moja.

Jumamosi, 22 Novemba

Chumba cha kubadilishia nguo. Zimebaki dakika kumi na tano.

Watu wamejaa kuliko tulivyodhani. Wenye ukumbi wako mstari wa mbele, watatu, na kahawa. Ghada aliniambia asubuhi, kwenye simu, kama mtu anayeagiza maziwa: upande wa kwanza una mapigo mazito kumi na saba, mkono wake hauyawezi. Wa pili ni kupokea zaidi, huo atajikaza, daktari aseme atakavyo. Kwa hiyo leo yeye anapokea. Mimi napiga.

Nilisema sijawahi kuwa upande huo. Akasema umekaa mbele yake maisha yako yote, hakuna anayeujua kama wewe. Tumerudia mara nne tangu saa tatu, taratibu. Mara ya nne nilimfikia kila nilipotakiwa kumfikia, naye akakinga, na lile jicho lake nyuma ya wavu lilikuwa linacheka.

Mtandio nimeufunga vizuri. Koti la Raed linanipwaya mabegani.

Serah ameingia sasa hivi, amekuja na sare yake ya ulinzi, zamu yake inaanza saa tisa. Nilimpa simu yangu arekodi. Ameishika mbali na mwili kama kitu cha moto. Anasema Umaru alipiga, naye akapokea kwa makosa, ni video, na sasa hivi yupo hewani. Nimechungulia: yuko dukani, ameketi kwenye kile kiti cha Baba cha kibandani. Anasema anataka kuona tu. Serah ananong'ona kwamba macho yake ni mekundu.

Ghada anagonga mlango. Yalla, dada, yalla.

Serah anauliza akate?

Nimemwambia asikate.