Baba Yako na Kituo cha Kwanza

Mtaa wa Wylie,
Pittsburgh.
12 Aprili 1984

Mpendwa Rosalind,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Krismasi. Barua zako tatu zilinifikia, nami sina udhuru ila uvivu, ambao sikuuvumilia hata kwa wanafunzi wangu. Hujambo? Watoto wanaendeleaje na baridi ya Alaska? Mimi ni mzima, ingawa macho yamepungua nguvu.

Baba yako haumwi, kwa hiyo usishtuke. Ni magoti. Miaka arobaini ya kucheza besiboli, akichuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira, imeyamaliza, na daktari amemkataza kuchuchumaa tena. Timu ya kanisa imemwomba ahamie kituo cha kwanza, ambako mtu hudaka akiwa amesimama. Asipokubali kufikia Jumamosi ya kabla ya Pasaka, nafasi hiyo atapewa mwingine, naye hatakuwa na timu. Tangu mama yako afariki, mazoezi ndiyo yanayomtoa nyumbani. Yakikoma, sijui ataamka kwa ajili ya nini.

Kikwazo ni maneno yake mwenyewe. Unaukumbuka ule ubishi wa kinyozini kwa Bwana Gaines, juu ya nani alikuwa bora kuliko wote katika kituo cha kwanza. Gaines humtaja Lou Gehrig. Baba yako humtaja Buck Leonard wa timu ya Grays, aliyemwona kwa macho yake alipokuwa mtoto. Akitajwa Jimmie Foxx, humfuta papo hapo, kwa kuwa Foxx alianza kwa kudaka nyuma ya mpigaji, kama yeye. Kwake, aliyehamia kituo cha kwanza hahesabiwi.

Jumamosi iliyopita nilikuwapo, nikimsubiri anyolewe, ubishi ukazuka tena.

"Foxx toa!" akasema. "Yule mhamiaji tu."

"Na wewe Pasaka hii unahamia wapi, Lucius?" Gaines akamuuliza, wembe mkononi. "Haya, tuambie, mhamiaji nani sasa?"

Watu wakaangua kicheko. Baba yako akasimama, akavaa kofia, akatoka, shavu moja limenyolewa na jingine limejaa povu.

"Rudi, kaka, nakutania tu!" Gaines akamwita kutoka mlangoni. "Utapitaje barabarani hivyo?"

Hakugeuka. Gaines mwenyewe alihuzunika, akafunga duka mapema.

Kwa siku tatu hakupokea simu. Jana nilimwendea. Hata kahawa hakunikaribisha.

"Dada, Foxx alihamia akiwa na miaka mingapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuuliza maktaba, maana namjua ndugu yangu. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo.

"Basi alikuwa na muda wa kujifunza," akasema. "Mimi nina sitini na mbili. Nikiuangusha mpira mbele ya watu wote wale, je?"

"Utauokota, Lucius."

Akainuka kitini. Kisha akaingia chumbani, akarudi na glavu ndefu ya kituo cha kwanza, mpya, karatasi ya duka ingali inaning'inia. Alikuwa ameinunua bila kumwambia mtu. Tukatoka uani, nikaweka mkoba wangu kwenye ngazi, nikamrushia mipira.

"Tupa kwa nguvu, Dada! Unarusha kama unalisha kuku!"

Nilirusha kumi na minne. Alidaka tisa. Mitano aliinama akaiokota mwenyewe, akishikilia goti, wala hakuniruhusu nimsaidie.

Usidhani amekubali. Nilipomuuliza, alisema bado anafikiri, nami sikumsukuma. Ukimpigia simu, mwache alitaje jambo hili yeye kwanza.

Nisalimie Warren, na uwabusu Delphine na Curtis kwa niaba yangu. Mungu awape joto nyumbani na amani mezani. Siku baba yako atakapoamua, vyovyote atakavyoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Shangazi yako akupendaye daima,
Ardelia Tolliver