Upanga wa Sinema Mkononi mwa Bwana Harusi

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Nakusalimu nimeinamisha kichwa, kwa hiyo usingoje zile porojo ndefu ninazokuletea kila nikizuru kaburi lako. Mwezi huu sikuja. Nilifika mpaka langoni, nikajifanya nimesahau kitu nyumbani, nikageuza. Nakuandikia kwa sababu karatasi haina macho ya kunitazama.

Tumemwoza Swaleh, baba. Mjukuu wako yule mwenye masikio yako, mtoto wa kaka Athmani. Kapata mke ng'ambo ya kivuko, mtaa wa Shika Adabu, kwa watu wenye heshima zao. Nilitamani uwepo. Na siku yenyewe ilipofika, nilishukuru kwamba hukuwepo. Astaghfirullah, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wakumbuka kibanda cha video pale Kisauni, ukitoka bandarini hata viatu hujavua, unanishika mkono twende? Mama alikuwa akigomba: "Mtoto wa kike wampeleka wapi katikati ya wanaume wale?" Nawe wamjibu, "Yuko na babake." Tukakaa benchi ya mbele, panga zikilia kwenye ile spika mbovu, nami nimekung'ang'ania shati. "Usitazame upanga," ukaninong'oneza. "Tazama miguu ya shujaa." Tukirudi, ulimsimulia mama filamu nzima kwa mwiko, mchuzi ukiruka mpaka ukutani, naye anagomba huku anacheka. Sijui mtu mwingine aliyelelewa kwa raha kama ile.

Ule wazimu haukunitoka. Nimekuwa mtu mzima, nina miwani na nywele nyeupe, na ukuta mzima wa sebule yangu ni panga za sinema. Ananichongea fundi mmoja wa Bombolulu, Kazungu, kwa mti wa mwarobaini, kisha anazipaka rangi ya fedha hadi ukiziona utadhani ni chuma. Mimi humpelekea simu, nimeisimamisha filamu pale shujaa anapochomoa. Yeye hulalamika: "Dada, huyu amefunika mpini na mkono wake, mimi nitaujuaje?" Basi twatafuta filamu nzima mahali ambapo mkono umeachia. Kila Ijumaa baada ya alasiri nazifuta moja moja kwa kitambaa laini. Wageni wakija hustaajabu, nami naona fahari kama niliyezipigania.

Na upanga wako, baba, ulikuwa nyuma ya kabati.

Ulipoumwa ulituita sote wawili. Kaka Athmani ndiye mkubwa na ndiye mwanamume, kila mtu alijua wa kuurithi upanga ni yeye. Ukaniwekea mimi magotini, upanga uliooa nao wewe, akaoa nao babako, akaoa nao kaka. Kaka akabaki ameduwaa. Ukamwambia, "Wewe utautundika. Huyu atautunza." Ukanionyesha namna ya kuutia mafuta ya cherehani, kila mwezi ukiandama. Nilifanya hivyo, wallahi, mwanzo nilifanya. Kisha nikawa nasema mwezi ujao. Haukuwa mzuri kuutazama, ala yake imepasuka ngozi, mpini mweusi. Ukutani ulizifanya zile nyingine zionekane za kuchezea, ndipo nikauondoa. Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Siku mbili kabla ya harusi nikautoa nimwandalie Swaleh. Nikavuta, haukutoka. Nikaushika kwa kanga, nikavuta tena. Kutu ilikuwa imeugandisha ndani ya ala kama chungu kilichoungua wali. Mtu mwenye akili angemwendea kaka siku ileile akamwambia. Mimi niliinua macho ukutani, nikachagua ule mzuri kuliko zote.

Bwana harusi alipendeza, baba. Joho, kilemba, upanga unang'aa ubavuni, vigelegele mpaka barabarani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaanza kujiambia kwamba mambo yamepita.

Nilisahau kivuko. Siku hizi abiria hushuka kwenye magari na kupita kwa miguu mbele ya askari wenye vifaa vya kukagulia chuma. Kaka hakusahau. Alikuwa ameshakwenda mapema kuwaeleza kwamba bwana harusi wetu atapita na upanga wa babu yake, ni mila tu, wasitushike. Askari, kijana mwenye adabu, akasema, "Hamna shida mzee, lakini lazima nipitishe mashine." Akaipitisha kwenye mshipi wa Swaleh, ikalia. Akaipitisha kwenye upanga, kutoka mpini hadi ncha. Kimya. Akarudia. Kimya. Akaugonga kwa ukucha.

"Mzee," akamwambia kaka, "hii si mbao?"

Mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Huo ni wa ile filamu!" Watu wakaangua kicheko. Kaka hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi, si askari.

"Wa baba uko wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Niliona huu unapendeza zaidi." Uongo, mbele ya umati, nimejipaka hina mikononi. Swaleh akauchukua upanga wake akauweka sawa ubavuni. "Twendeni baba, watu wanatungoja. Shangazi amenipa huu, naingia na huu." Akaingia nao kwenye feri, na waliocheka wakampisha.

Ijumaa iliyofuata kaka alikuja kuuchukua wako. Nikampa. Alivuta. Akaubana kwa magoti, akavuta, mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akaacha, akakaa chini sakafuni, mbele ya zile zinazong'aa.

"Tangu lini?"

"Sijui," nikamwambia. Na kweli sikujua, baba. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kaka angenitukana ningepumua. Alinirudishia magotini, palepale ulipouweka wewe, akavaa viatu vyake akaenda.

Jana Swaleh amekuja na mkewe kunisalimu. Hajui lolote kuhusu ile kutu, babake hakumwambia. Ameutundika ule wa mbao chumbani kwao, anasema kila akiuona anakumbuka feri na anacheka peke yake. "Najua shangazi ulinipa unaoupenda kuliko zote," akasema. "Huo ndio niliooa nao. Nikijaaliwa mtoto wa kiume, ataoa nao huohuo." Mkewe akaitikia kwa kichwa, anatabasamu, mtoto mzuri wa watu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, baba. Upanga wako ulikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Walikuwa wananitazama wote wawili kwa mapenzi, wakinisubiri niseme kitu.

Nikasema, "Inshallah."

Pumzika, baba. Usiniitikie salamu mpaka nimwambie Swaleh.

Binti yako