Harusi ya Samson na Uchaguzi wa Jimbo Letu

Kasingirima,
Kigoma-Ujiji.
9 Novemba

Mpendwa Mjomba Antoni,

Shikamoo. Je, kifua kimetulia na baridi ya huko Njombe? Na Mama Dunia hajambo? Sisi ni wazima, isipokuwa Mama, presha inamsumbuasumbua. Migebuka imeadimika ziwani, ndiyo maana mzigo wako wa samaki umechelewa.

Najua umesikia redioni ile kashfa ya dawa zilizokwisha muda, zikabandikwa tarehe mpya na kusambazwa nchi nzima. Huku ilituuma zaidi. Kwenye kamati ya Bunge iliyozipitisha alikuwemo mbunge wetu, Mzee Alphonce, baba yake Agnesi, mchumba wa kaka Samson. Na Mama alizimeza dawa hizohizo, akishangaa mbona hapati nafuu.

Kabla ya hapo uchaguzi ulikuwa kama umekwisha. Mpinzani wake, mwalimu mmoja mstaafu, alikuwa akihutubia viti vitupu. Kashfa ilipolipuka, vijana wa bodaboda wakavua fulana zenye picha ya Mzee, na kwenye mkutano wake wa mwisho Mzee alizomewa mpaka akashuka jukwaani. Anaapa hakula hela ya mtu, alitia saini bila kusoma. Nani angemsikiliza? Alianguka vibaya.

Basi Baba mdogo Elikana akaitisha kikao, akataka harusi isogezwe mpaka watu wasahau. Mama akasikiliza hadi mwisho, akainuka, akaniambia, "Frida, tafuta bajaji."

Tulikwenda kwao Agnesi, Gungu. Mjomba, nyumba ile iliyokuwa haikauki wageni ilikuwa kimya kama ya msiba. Mama Agnesi alitupokea macho yamemvimba.

"Kama mmekuja kuvunja uchumba, dada Regina, semeni tu."

Mama akasema, "Kura yangu sikumpa mumeo, na hata leo nisingempa. Lakini Agnesi hakugombea. Nimekuja kuuliza sare ya harusi ni rangi gani."

Mama Agnesi akaangua kilio, akamkumbatia. Mzee Alphonce akatoka chumbani, amekonda, akasimama mbele ya Mama. "Mama Samson, nisamehe kwa zile dawa."

"Nimekusamehe," Mama akamjibu. "Wengine nao wanakusubiri."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba radhi mbele ya watu wote. Wengine walitoka nje. Wengine walimpa mkono, na Samson alikuwa wa kwanza.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, sare ni kijani. Baba mdogo bado amenuna, ila kitambaa chake keshampelekea fundi. Njoo Mjomba, Samson anasema haingii kanisani bila wewe.

Nisalimie Mama Dunia, Dunia mwenyewe na Mariana. Mungu awalinde safarini na nyumbani.

Mpwa wako asiyechoka kukupenda,
Frida