Picha ya Kumi na Nne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na goti lako la kushoto limepunguza vituko tangu uanze kulikanda kwa maji ya moto. Presha ya Mama inaendeleaje? Mwambie nakula vizuri, asiwasikilize wanaomletea habari kwamba nimekonda. Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha hata kidogo, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali.

Najua suti imeshatoka kwa dobi. Kaka ameniambia umeijaribu mara mbili mbele ya kioo, na kwamba Mama ameshatangaza mtaa mzima kuwa Jumamosi ya wiki ijayo gari la makumbusho litakuja kukuchukua mlangoni. Nakuomba ukae chini, Baba, usome mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Tunatunza picha, michoro na karatasi za majengo ya zamani ya mji huu, na watafiti wa historia ya sanaa wanakuja kutoka huku na huko kuzisoma. Kila kitu kina boksi lake, kila boksi lina namba na rafu yake. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea, ni penseli tu. Na tunafundishwa siku ya kwanza kwamba nyuma ya picha unaandika kile karatasi zinachosema. Unachokijua wewe kichwani mwako kaa nacho.

Sheria hiyo niliivunja mwaka wangu wa kwanza. Nilikabidhiwa bahasha ya picha za dari ya mahakama ya zamani, ile yenye ndege na maua, ambayo vitabu vyote vinasema mchoraji wake hajulikani. Nikacheka peke yangu. Hajulikani vipi, wakati sisi tumelala na kuamka na habari zake? Tulijua ulivyolala chali juu ya mbao miezi saba, rangi ikikudondokea machoni, na jinsi yule ndege aliyegeuza shingo ulivyomchora ukimwaza Mama. Nikaandika jina lako kamili nyuma ya kila picha. Sikujiona nadanganya hata chembe, nilijiona nakutendea haki.

Mwaka huu ndipo akaja mtafiti mmoja, mama wa makamo, tuliyempa jina la Bi Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia anachokivaa shingoni kama kidani. Anaandika kitabu kuhusu dari hiyo. Alipoliona jina lako nusura aruke. Yeye ndiye aliyewaendea watu wa makumbusho, na kwa juhudi zake kibao cha shaba chenye jina lako kikachongwa, kizinduliwe Jumamosi hiyo ukiwapo. Mimi wiki ile nilikuwa sishikiki. Nilitembea kichwa juu mpaka wenzangu wakaanza kuniita binti wa msanii.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita, Bi Lenzi akaomba boksi jingine, la mpiga picha aliyekuwapo wakati dari inachorwa. Orodha ilisema lina picha kumi na nne, na ya mwisho ni ya mchoraji akiwa kazini. Aliitaka hiyo kwa jalada la kitabu chake. Boksi lilitolewa ghalani na Mzee Kamba, ambaye ana miaka thelathini na moja pale, na tunamwita hivyo kwa sababu fundo akilifunga yeye, hulifungui bila kumuomba. Aliliweka mezani kwangu nilikague, kama tunavyotakiwa, wakati Bi Lenzi ameenda kunawa mikono. Aliporudi tukahesabu pamoja. Zilikuwa kumi na tatu.

Mkuu wetu alishuka, milango ikafungwa, mikoba ikapekuliwa hadi ya mama anayefagia. Tukaitwa mmoja mmoja. Mzee Kamba alisema kwamba alizihesabu mwenyewe mwezi uliopita na zilikuwa kamili. Mimi nikaulizwa zilinifikia ngapi. Nikasema zilinifikia kumi na tatu.

Yule mzee alinitazama, wala si kwa hasira. Akamwambia mkuu kwamba kama huyu binti amesema kumi na tatu, basi labda ni yeye aliyekosea, maana macho yake siku hizi hayaaminiki. Kesho yake akasimamishwa kazi, akiwa amebakiza miezi minne astaafu. Huku nje ikaanza kunong'onwa kwamba ameiuza.

Jumatatu hii alikuja kuchukua vitu vyake: kikombe, ndala, na koti kuukuu la kuvaa kule ghalani kwenye baridi. Akanivuta kando. Aliniambia kwamba mle ndani kitu hakipotei, kinakaa tu mahali pasipo pake, na kwamba kati ya wote waliobaki ananiamini mimi. Akaniomba nimtafutie pole pole, rafu kwa rafu, hata ikichukua mwaka, ili wajukuu zake wasije kuambiwa babu yao alikuwa mwizi.

Picha ile, Baba, nilijua ilipo. Niliiweka mimi. Niliichomoa kwa mikono yangu miwili wakati Bi Lenzi ananawa, nikaisukuma kwenye boksi la ramani za mifereji ya maji machafu, ambalo tangu niajiriwe hakuna aliyewahi kuliomba. Na ulipofika wakati wa kusema, nilimsukumia lawama mzee wa watu asiye na hatia.

Niliificha kwa ajili yako. Pichani kuna jukwaa la mbao, na juu yake amelala mwanamume mwembamba mwenye ndevu, brashi mkononi, anamalizia bawa la ndege. Chini umesimama wewe. Nilikutambua kwa masikio yako na kwa hiyo tabia ya kuegemea mguu mmoja. Umeshika makopo mawili ya rangi, na unamtazama yeye. Nyuma, kwa wino wa mpiga picha, imeandikwa: mchoraji kazini, pamoja na mchanganya rangi wake. Majina hakuandika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hukutupeleka kuiona dari hiyo hata siku moja. Tulipokuwa wadogo ilikuwa jua kali, tulipokua ikawa goti. Na nikaelewa kwamba ile rangi iliyokuwa ikidondoka machoni, ilikuwa ikidondoka kwenye macho ya mtu mwingine, nawe ulikuwa karibu kiasi cha kuiona.

Jumatatu ile ile nilipanda kwa mkuu, nikaweka picha mezani, nikasema yote, Mzee Kamba akiwa amesimama pale na ndala zake mkononi. Amerudishwa kazini na mkuu amemuomba radhi mbele ya watu. Mimi mzee aliniambia neno moja tu, kwamba alikuwa tayari kuyakana macho yake kwa ajili yangu. Sasa ni mimi niliyesimamishwa, nasubiri kamati, na sitarajii huruma yao.

Bi Lenzi hakunifokea. Aliitazama ile picha kwa kioo chake muda mrefu, kisha akauliza yule aliyelala ni nani. Wamepekua siku nne, vitabu na mafaili, na hakuna karatasi inayomtaja. Waliokuwa wakifanya kazi pale wote wameshafariki, isipokuwa wewe. Kibao kimerudishwa kwa fundi, jina lako limesuguliwa, na hakijaandikwa kitu.

Gari litakuja Jumamosi kama lilivyopangwa, ila sasa linamfuata shahidi. Sijui kama utapanda. Nimekukasirikia, Baba, sikufichi, nimekukasirikia mpaka nimelia. Lakini ukishuka kwenye gari hilo nitakuwa mlangoni kukupokea, na watu waseme watakalo. Wewe mwenyewe hukuhitaji dari ile ili niwe na fahari nawe. Ukishindwa kuja, nitumie jawabu kwa huyu jirani yangu aliyekuletea barua, anarudi Jumatano. Sihitaji maelezo wala kuombwa radhi.

Alikuwa anaitwa nani, Baba?

Nisalimie Mama, na ukimsomea barua hii msomee yote, usiruke mahali. Kaka mpe salamu zangu, mwambie asinipigie kwanza. Mungu akulinde na akupe nguvu.

Ni mimi mwanao nikupendaye, leo pia,

Kitindamimba wako