Namba ya Wal

Alhamisi, 6 Mei 1943

Mazoezi, mvua, matope hadi magotini. Kocha Hanrahan amesoma timu ya Jumamosi, na jina langu, Pascoe, halikuwa la mwisho! Misimu mitatu nimekuwa mchezaji wa akiba — timu ina watu kumi na nane, mimi yule wa kumi na tisa, anayekaa benchi na blanketi mabegani mpaka mwenzake aumie. Sasa nitaanza, mbele kabisa, mahali pa Wal Tregear. Wal yuko wapi hakuna ajuaye. Alikwenda vitani, na tangu Singapore ianguke mwaka jana mama yake hajapata hata neno.

Blanketi kapewa Snowy Lusk. Akanipiga begani: "Vita vimekupa namba, Clarrie. Vishukuru basi!" Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Siku hizi za vita nguo ni kwa kuponi za serikali, na klabu haina kuponi. Hakuna jezi mpya. Nitavaa ya Wal, kumi na nne.

Jumamosi, 8 Mei

Tumefungwa. Nimetia magoli mawili. Jamaa mmoja kwenye uzio hakunipa nafasi hata ya kupumua: "Jitu zima wewe, bunduki yako iko wapi? Wenzako wanakufa!" Nimwambie nini? Kwamba natengeneza buti za askari, na mara mbili nimeomba kwenda jeshini kiwanda kikakataa kuniachia? Watu wa kwenye uzio hawataki maelezo.

Baada ya mechi kuna mama mmoja mfupi amesimama mlangoni, kavaa kofia ya kanisani. Mama Tregear. Nikajua leo natukanwa na huyu pia. Akanyoosha mkono tu. "Nipe jezi, mwanangu. Naifua mimi. Wale wa klabu wataitia maji ya moto, itasinyaa."

Nikaivua pale pale. Nimerudi ndani kifua wazi kwenye baridi.

Alhamisi, 13 Mei

Kaileta ndani ya foronya, inanukia sabuni. Kola kaishona upya. "Na usijifutie pua kwenye mkono wa jezi. Nimekuona. Wal hafanyi hivyo."

Hafanyi. Kama vile Wal yuko chumba cha pili anavaa viatu.

Jumamosi, 3 Julai

Magoli saba! Mimi! Uwanja mzima unapiga kelele "Kumi na nne! Kumi na nne!" — hata yule wa kwenye uzio. Jina langu halikutajwa na mtu, lakini miguu ilikuwa yangu.

Mama Tregear husimama nyuma ya goli, mahali pale pale. Hapigi makofi. Huitazama tu jezi ikija.

Jumapili, 4 Julai

Siku mbaya, na hakuna kilichotokea. Nimekaa jikoni na barafu kwenye goti la kulia, nikawaza Wal akirudi. Namtaka arudi. Ndiye aliyenifundisha kuruka juu ya migongo ya watu kuudaka mpira bila kuogopa kuanguka. Lakini akirudi, mimi na blanketi tena. Nina miaka ishirini na tisa na goti bovu. Sina msimu mwingine baada ya huu. Basi kuna kitu ndani yangu kinachosema: asirudi sasa hivi. Angoje kidogo.

Angoje wapi? Nimejionea aibu mwenyewe.

Alhamisi, 2 Septemba

Jumamosi ni nusu fainali. Na leo Snowy kaingia mbio: Mama Tregear amepata kadi kutoka kwa mwanawe. Wal yu hai! Mfungwa wa Wajapani, lakini hai! Tukapiga kelele, tukakumbatiana, Hanrahan kageukia ukutani anafuta macho. Nilifurahi, naapa. Halafu nikatazama mlangoni.

Jezi haikuletwa.

Jumamosi, 4 Septemba

Asubuhi Hanrahan kanituma. "Nenda kaombe kwa adabu. Bila namba mgongoni mwamuzi hatakuruhusu, na mimi nitamwanzisha Snowy."

Jezi ilikuwa mezani jikoni kwa Mama Tregear, na mkasi pembeni. Namba kaibandua. Ile moja na ile nne, vitambaa vyeupe, kazipiga pasi na kuziweka kwenye rafu iliyo juu ya meko pamoja na kadi.

"Jezi ni ya klabu, chukua," akasema. "Namba ni ya mwanangu."

"Mama, leo tu. Jioni nakurudishia."

"Kila Jumamosi nilikuwa nakutazama nikijiambia ni yeye. Nilijua si yeye, lakini nilijiambia. Sasa yu hai, Clarrie. Nikijidanganya tena nitakuwa namwonea."

Nikamwambia nimefurahi sana. Akanimiminia chai.

"Najua umefurahi. Na umeumia vile vile. Sikulaumu. Kaa unywe chai."

Nikanywa. Nikaimaliza, nikachukua jezi.

Sasa niko chumba cha kubadilishia nguo, naandika haya. Nje kumejaa, kelele zinatikisa mabati. Hanrahan amekwenda kumsihi mwamuzi. Snowy amevua blanketi, anafunga kamba za viatu, hataki kunitazama.

Jezi nimeivaa hivyo hivyo, bila namba. Kabla ya kuivaa niliigeuza kwenye mwanga. Misimu yote hii ya jua na sabuni, sufu imepauka — isipokuwa pale palipofunikwa na vitambaa. Pale bado ni buluu kali kama ya dukani. Kumi na nne, inasomeka kabisa.

Sijui kama Mama Tregear aliiona. Sijui kama nataka waione hawa.

Hanrahan karudi, na mwamuzi nyuma yake.

"Pascoe," anasema mwamuzi, "simama. Geuka tuone mgongo."