Afande Kwenye Mstari wa Mchomo

Dada Zaituni, hamjambo hapo Mafubira? Tangu vita viishe, majiko ya mchomo, nyama ya kuchoma, yamerudi Mbale, nami nimejituma kuyakagua. Leo huku mtaa wa Malukhu harufu ya mbuzi ilinishika miguu, nikapanga mstari. Mara akaja askari na bunduki yake. Unawajua: zamani walibeba nyama pamoja na jiko. Mama Hadija, mchomaji, hakuinua hata kichwa. “Afande, mstari unaanzia kule nyuma.” Nikaanza kutafuta pa kukimbilia. Askari akasema, “Pole, mama,” akaja kusimama nyuma yangu, anangoja! Nyama nilikula, dada, ila ladha yake usiniulize. Nilikuwa namtazama yeye tu. Mungu akuweke, nawe uyaone haya.

Ndugu yako, Sadiki